Karatasi ya Maneno Ishirini ya Kutembea

Kwetu tulikuwa watoto watano na gambuti, vile viatu virefu vya mpira, jozi moja. Hiyo ilikuwa Molo, kwenye shamba lililokuwa la mzungu kabla baba zetu hawajagawiwa vipande, na matope ya Molo, kwa asiyeyajua, hayapitiki hivi hivi. Yanakushika mguu kama mtoto anayekataa kuachwa nyumbani. Basi mama akaweka sheria. Siku za shule ni tano, watoto ni watano, kila mtoto na siku yake ya kuvaa gambuti. Mimi siku yangu ilikuwa Jumatano. Jua liwake lisiwake, Jumatano gambuti ni zangu.

Na mara nyingi Jumatano jua liliwaka. Sijui Mungu alikuwa na nini na mimi. Nilifika darasani miguu imeiva kama viazi, na nikizivua tu, mwalimu ananitoa nje kwa harufu. Mvua ilikuwa inangoja Alhamisi, na Alhamisi ilikuwa ya dada yangu anayenifuata. Alhamisi moja dada alikuwa amelala na homa. Mvua ya siku hiyo usiulize. Gambuti zilisimama chini ya kitanda chake, kavu, na sisi wanne tukazipita hapo tukienda shule miguu mitupu. Kaka mkubwa alijaribu kuzivuta polepole. Mama, akiwa amepiga magoti mbele ya moto, hata hakugeuka.

"Weka chini. Leo ni Alhamisi."

"Lakini mama, yeye haendi popote."

"Nimesema leo ni Alhamisi. Zamu ni zamu. Nikianza kuchagua, kesho mtaniua."

Nikisimulia hiyo, watu hucheka. Mimi sikucheka wakati huo na sicheki sasa. Nilikua nikijua kwamba haki ndiyo hiyo: kila kitu na zamu yake, na asiulize mtu kama inamfaa. Mama hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na watoto watano na jozi moja, angefanya nini?

Shule yenyewe niliiacha darasa la nne. Wazee wa rika langu wakiulizwa kwa nini hawakusoma wanasema karo, wanasema umaskini, wengine wanasema mjomba aliwaroga. Mimi niliacha kwa sababu nilipenda ng'ombe kuliko ubao. Hakuna aliyenifukuza. Nilijifukuza. Ng'ombe wenyewe waliuzwa mwaka uliofuata, na nikabaki bila ng'ombe na bila ubao. Nimepasua mbao Elburgon. Nimebeba magunia ya kabeji sokoni Nakuru hadi bega hili la kushoto likashuka, liangalie vizuri utaona. Nimekaa Rhonda, mtaa wa hapohapo Nakuru, miaka mingi, na ndiko niliko mpaka sasa. Na mtu akishachoka kubeba, akawa bado hajachoka kula, anakuwa soja.

Soja si mwanajeshi. Hapa kwetu ukivaa kofia na kushika rungu unaitwa soja, na unaitika. Nimelinda shule, nimelinda stoo ya mahindi, nimelinda duka la majeneza, na hilo ndilo lililokuwa na amani kuliko yote. Mwisho kampuni yangu ya ulinzi ikanipeleka Naivasha, kwenye shamba la maua. Sitalitaja jina, wala la kampuni. Wao wanajijua. Nilipanga chumba karibu na shamba, na mwisho wa mwezi napanda kuja Rhonda kuona nyumba yangu kama bado ina mabati.

Kazi ya geti la mchana ni tatu: kufungua, kufunga, na kuandika. Kuandika ndiko kulikonitesa. Kila mlango mkubwa wa nchi hii una kitabu cha matukio, tunakiita OB, na kila mtu au gari likipita unaandika saa, nambari, na amefanya nini. Na lazima iwe Kiingereza. Kwa nini, sijui. Anayeingia anazungumza Kiswahili, ninayeandika nazungumza Kiswahili, mbwa wa hapo alikuwa anafukuzwa kwa Kiswahili na anaelewa. Lakini kitabu lazima kiwe Kiingereza. Basi mimi nilikuwa na maneno yangu mawili, "came in" na "went out", na jioni ninaandika "all correct", nakabidhi, nakwenda. Miaka yote hiyo haikuwahi kutokea shida. Mtu ameingia, mtu ametoka. Mnataka nini zaidi?

Ndipo akaja supavaisa mpya wa kampuni. Kijana wa diploma, suruali imembana hadi nikawa namhurumia akipanda pikipiki. Akafungua OB, akageuza kurasa, akatikisa kichwa.

"Mzee, hii kitu inaniaibisha."

"Imefanya nini?"

"Ofisi inasema ni kama mtu alikaa chini akanakili mstari mmoja mara elfu. Came in, went out, came in, went out. Hata kasuku ana maneno mengi kukuliko."

"Si ndiyo kazi ya geti? Mtu anaingia, mtu anatoka."

"Wacha nikuletee vocabulary."

Wiki iliyofuata akaleta karatasi, ameitia plastiki isilowe. Maneno ishirini, yamepangwa moja chini ya lingine kama makurutu. Walked, proceeded, marched, strolled, hurried, limped, wandered, staggered, tiptoed, na mengine. Mpaka leo ninayo kichwani kwa mpangilio, na ningependa kuyasahau lakini hayatoki. Nikamuuliza maana yake.

"Yote ni kutembea tu, mzee."

"Yote ishirini?"

"Yote. Kiingereza ni lugha tajiri, si kama hii yetu. Usirudie moja kila saa. Zungusha, zungusha tu."

Alisema zungusha. Nayaandika hapa kwa mkono wangu, na kama anasoma aje anikanushe uso kwa uso. Alisema zungusha, mara mbili, akawasha pikipiki akaenda zake.

Na hiyo "si kama hii yetu" iliniuma kuliko nilivyoonyesha. Sisi hatuna maneno ya kutembea? Mzee wa miaka yangu hujikongoja. Mlevi huyumba. Mwenye kidonda huchechemea. Mtoto hutambaa, halafu anasimama dede, halafu anaanza kutimua mbio na huwezi kumshika tena. Wa kuchoka hukokota miguu, wa maringo hudemka, asiye na kazi huranda. Saa kumi na mbili asubuhi watu mia kadhaa walinipitia pale getini, na kwa mguu tu nilijua nani hakulala, nani amegombana na bwana, nani ana mimba na bado hajamwambia mtu. Hiyo si elimu? Hakuna aliyeniuliza. Nikapewa plastiki.

Lakini wacha niseme ukweli wote. Nilifurahi. Mimi wa darasa la nne, nimeletewa maneno ishirini ya kizungu peke yangu! Nikanunua kalamu yangu mwenyewe, ya ncha nyembamba. Na nikazungusha kwa haki. Nilibana njiti ya kiberiti kwa raba kando ya ile karatasi. Akipita mtu, naandika neno lililo mkabala na njiti, kisha nashusha njiti hatua moja. Nikifika la ishirini, narudi juu. Hakuna upendeleo. Meneja mkuu akija anapata neno la zamu, mkata nyasi akija anapata neno la zamu. Mwenzangu wa zamu nyingine alikataa kabisa, akawa anaandika "walked" hata kwa trekta, na nikamdharau. Nilisema moyoni, huyu hapendi maendeleo.

Miezi ikapita. Hakuna aliyesoma. Hiyo ndiyo inanichemsha damu nikiikumbuka: hakuna hata mmoja aliyesoma! Supavaisa anakuja, anapiga sahihi chini ya ukurasa, "vizuri sana mzee, sasa inakaa OB," anaenda. Kitabu kikijaa kinapelekwa ofisini kinapangwa rafuni. Kumbe kilikuwa kinangoja siku yao.

Pale shambani kulikuwa na mama mmoja wa gredi. Gredi ni ule ukumbi wa baridi ambapo waridi hupimwa urefu na kufungwa mafungu. Mama wa watoto wawili, wa kuwalea peke yake, amemaliza kidato cha nne, na mdomo wake haukuwa na kifuniko. Aliniita guka, yaani babu, ingawa mimi si Mkikuyu na alijua. Wengine waliniita soja, au boss wakitaka kuchelewa. Yeye guka, na akinunua mahindi choma ananikatia kipande.

Siku moja asubuhi alikuja getini mkono umefunika jicho. Walikuwa wamepungukiwa watu grinihausi, zile nyumba za plastiki za kukuzia maua, wakatoa akina mama wa gredi wakawaingiza kukata maua kabla dawa ya kupuliza haijakauka.

"Guka, nifungulie. Macho yanachoma kama pilipili. Nyapara ameniruhusu niende dispensari."

"Una karatasi?"

"Karatasi ya nini, na amesema kwa mdomo mbele ya watu wote?"

Nyapara wa gredi alikuwa anaruhusu kwa mdomo kila siku. Nikafungua. Akatoka. Nikaandika nambari yake ya kazi, saa nne na dakika tano, na neno lililokuwa kwenye njiti, nikashusha njiti. Mchana akarudi na dawa ya matone, akanionyesha, nikaandika neno lingine lililokuwa kwenye njiti. Nikasahau.

Baada ya siku kama nne wakaja wageni kutoka ng'ambo, wale wanaokagua kama wafanyakazi wanatunzwa. Wakubwa wote wamevaa makoti meupe, wanatabasamu hadi masikioni. Wageni wakauliza kama kuna mwenye swali. Yule mama akainua mkono. Akasema, kwa Kiingereza safi, kwamba wanaingizwa ndani dawa ikiwa mbichi, na wageni waangalie macho yake. Wageni wakaandika. Wakubwa wakaendelea kutabasamu. Niliambiwa hayo na wenzake jioni wakitoka, na wote walikuwa wanacheka kwa furaha, nami nikacheka.

Wiki haikuisha. Asubuhi moja akaja getini ameshika barua.

"Guka, umeniuza."

"Nimekuuza kwa nani?"

"Soma."

"Nisome nini, na mimi unanijua?"

Akanisomea kwa Kiingereza, kisha akanitafsiria pole pole, kama mtu anayetoa mwiba. Barua ilisema kwamba tarehe fulani, kulingana na OB ya geti kuu, yeye alitoroka kazini. "Sneaked out." Halafu baadaye akarudi "marched in", na hilo linaonyesha kiburi. Aje mbele ya ofisi aeleze kwa nini asifutwe.

"Unajua sneak ni nini, guka? Ni kutoka kama paka aliyeiba nyama. Umeinama, unanyata, hutaki mtu akuone. Mimi nilinyata?"

"Hapana."

"Si ulinifungulia wewe?"

"Mimi."

"Basi nilikukosea wapi?"

Nikaingia kibandani nikatoa ile plastiki na njiti yake, nikamwonyesha jinsi nilivyokuwa nashusha. Akaangalia njiti, akaangalia maneno, akaniangalia mimi. Akasema, "Ngai," yaani Mungu. Kisha akaanza kunisomea kutoka juu, neno moja moja, na kila moja akilionyesha kwa miguu pale kwenye kokoto, barua ingali mkononi.

"Hii limp ni hivi." Akachechemea.

"Mungu wangu. Nimemwandika meneja mkuu hivyo. Tena mara mbili."

"Hii stagger ni mlevi wa changaa." Akayumba hadi kwenye nguzo.

"Hiyo nilimpa pasta. Alikuja kuombea ofisi mpya."

"Tiptoe ni ncha za vidole, mtoto amelala."

"Lori."

"Lori gani?"

"Lori la maua la uwanja wa ndege."

Akacheka. Akacheka mpaka akashika mbavu, na macho yake, ambayo bado yalikuwa mekundu, yakatoa machozi. Nami nikacheka, Mungu anisamehe. Kisha akafuta macho, akaikunja barua.

"Guka, watoto wangu wanakula kwa hii mikono. Nikifutwa na barua ya kutoroka, hakuna shamba lingine hapa Naivasha litanichukua. Utawaambia?"

"Nitawaambia."

Mchana huohuo supavaisa akaja na pikipiki. Habari zilishamfikia.

"Mzee, keshokutwa ukiitwa ndani, sema uliandika ulichoona. Basi. Usianze mambo ya njiti."

"Lakini sikuona hivyo."

"Sikiza. Ukisema ulikuwa unazungusha, utakuwa umesema kitabu chote ni uongo. Nani atakuweka geti? Na umri huu wako, unaenda wapi? Huyo mama walishaamua. Hata kama ungeandika amepaa, angefutwa tu."

Nilimwambia sawa. Ndiyo, niliitika. Mwenye kuandika habari zake akijifanya shujaa tangu mwanzo, muulize vizuri. Niliogopa. Nilihesabu milango niliyobakiza maishani, na haikuwa mingi. Siku mbili nzima yule mama alinipita akiingia, akaniamkia, nikaangalia kufuli.

Siku ikafika. Tukaingia ofisini: afisa wa wafanyakazi, msichana wa umri wa kitindamimba wangu, supavaisa wangu pembeni, nyapara wa gredi anaangalia sakafu, yule mama kwenye kiti cha peke yake, na mimi nimesimama. Mezani kulikuwa na chai na mandazi, yetu sisi wawili haikumiminwa. Nyapara akaulizwa kama alimruhusu. Akasema hakumbuki. Hakumbuki! Mtu anayekumbuka shina la waridi lililokosa sentimita moja.

"Mzee," afisa akasema, na hakuwa na sauti mbaya, "huu ni mwandiko wako?"

"Ni wangu, madam."

"Ulimwona huyu akitoka?"

"Nilimwona."

Supavaisa akaniitikia kwa kichwa kidogo, kama kusema vizuri, simama hapohapo. Na mimi ningesimama. Lakini yule afisa akasoma ule mstari wa pili, wa kurudi, akainua kidole.

"Na hapa alirudi akipiga gwaride. Marched in. Mtu mwenye adabu anarudi hivi? Hii inaonyesha ni mtu wa aina gani."

Alirudi na chupa ya dawa ya matone! Alirudi akipepesa macho kama kifaranga!

"Madam, fungua ukurasa wa nyuma."

"Tuko kwa huu ukurasa."

"Fungua tu. Soma Jumatatu, saa mbili na nusu."

Akafungua, nadhani kwa sababu nilipaza sauti. Akasoma, akasita.

"General Manager limped in."

"Meneja wetu ana mguu mbaya?"

Akaurudia mstari kwa kidole.

"Shuka chini. Pasta. Alikuja amelewa? Shuka tena. Lori la tani saba, madam, lilitoka kwa ncha za vidole. Mlisoma? Mlishangaa? Kitabu kimekaa kwenu, mkapiga sahihi kila ukurasa. Neno moja tu ndilo mmeona, la huyu mama, kwa sababu ndilo mlilokuwa mnatafuta."

Nyapara akajificha ndani ya kikombe, mabega yanamtikisika. Hata afisa mdomo ulimcheza. Halafu akafunga kitabu, na mdomo ukafungwa nacho.

"Kwa hivyo, mzee, unakubali umekuwa ukiandika uongo kwenye rekodi?"

"Ninakubali nilikuwa naandika nisichokijua. Nilipewa maneno ishirini bila maana, nikaambiwa nizungushe. Aliyeniambia ni huyo hapo."

"Mimi?" Supavaisa akashika kifua. "Madam, mimi nilimpa vocabulary. Kila soja alipewa. Sikusema azungushe."

Nilimwangalia. Ana mama yake mahali, nikafikiri, na huyo mama anamtumia ujumbe wa Mungu akubariki kila asubuhi. Sikumpiga. Watu huniuliza kama nilimpiga. Sikumpiga, na kuna siku najuta.

"Mniulize kwa Kiswahili," nikasema. "Mniulize alitoka vipi, niwaambie."

"Haya, alitoka aje?"

"Alitoka mkono mmoja umefunika jicho, mwingine umenyooka mbele, anapapasa njia kama mtu aliyeingia nyumba imejaa moshi. Geti nilimfungulia mimi kwa mkono huu. Anayenyata hafunguliwi geti na soja. Sasa hiyo, madam, Kiingereza chake ni nini? Niandike."

Afisa akaangalia supavaisa. Supavaisa akaangalia dirisha. Yule mama alikuwa ameinamisha kichwa, na mikono yake, ile ya kulisha watoto, ilikuwa imekaa kwenye paja kama kitu cha mtu mwingine. Tukaambiwa tungoje nje.

Tulingoja kwenye benchi mpaka jua likahama. Aliniambia, "Asante, guka." Nikamwambia asinishukuru. Nilikuwa na hasira hata naye kwa kunishukuru.

Tulipoitwa, mambo yalikuwa yameshaandikwa, tena kwa mashine. Ofisi imesikia pande zote. Lakini kitabu ni kitabu. Shamba haliwezi kuanza kuamini midomo na kuacha rekodi. Yeye amefutwa kuanzia saa hiyo, kwa kutoroka kazi. Mimi nimepewa onyo kwa kutojali, na nitapelekwa kozi ya siku moja ya kuandika ripoti, ili nisirudie kosa. Yaani kosa nimelikiri, wakaliandikia onyo, na bado wakamfuta mtu nalo. Nilisimama pale nikijaribu kulielewa hilo kwa lugha yoyote niliyo nayo.

"Basi mzee, rudi geti," afisa akasema, ameshaanza kutafuta faili lingine. "Huyu anatoka sasa. Umwandike. Na tafadhali, tumia neno la kawaida."

Tukashuka pamoja kwenye ile njia ya kokoto, yeye na mfuko wake wa plastiki wenye aproni na kikombe. Akina mama wa gredi walisimama mlangoni, nyapara akawafokea, wakarudi ndani. Kibandani OB ilikuwa wazi pale nilipomwachia mwenzangu anishikie, na yeye alikuwa ameenda chooni. Nje ya geti lori la maua lilikuwa linarudi tupu, dereva akapiga honi mara moja, kwa upole, kama kawaida yake.

Nikafungua lango dogo la watu. Yule mama akapita. Akanipa mkono, akasema, "Ubaki salama, guka," akashika upande wa kushoto, kwenye vyumba. Nilimwona mgongo mpaka kwenye kona ya kinyozi.

Nikavua kofia nikaiweka juu ya kiti, na OB nikaiacha bila neno. Nikapita lango hilohilo, nikashika upande wa kulia, wa lami. Dereva akatoa kichwa dirishani.

"Soja! Mzee! Si ufungue kwanza!"

Nikaendelea. Akapiga honi, akapiga tena, ndefu sasa, mbwa wakaanza kubweka, na mtu akawa anakimbia kutoka ofisini akiniita. Sikugeuka, na sijakanyaga pale tena.